Kangal anafaa kulinda mbuzi?

Ndugu yangu, umeuliza kama Kangal, yule mbwa mkubwa wa kulinda mifugo, atalinda mbuzi wako usiku, mchana akae uani na watoto. Kulinda, anaweza sana. Hilo la uani ndilo linalonitia wasiwasi, kwani huyu ni mbwa wa kukaa na kundi.

Asili yake ni Sivas, Uturuki, ambako wachungaji humvika kola ya chuma yenye miiba ili mbwa mwitu wasimng'ate shingoni. Dume huwa na kilo 50 hadi 65, rangi ya mchanga, uso mweusi na mkia uliojikunja mgongoni. Lakini usimnunue kwa sababu ya umbo. Thamani yake ni tabia: haswagi mifugo, anaishi nayo. Hulala katikati ya kundi, na akinusa hatari husimama kati ya adui na mbuzi, akibweka kwa sauti nzito. Kupigana huja mwisho. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa ukoo huu tangu 1994, ili mifugo ipone na duma wasiuawe.

Mchukue angali mdogo, akue zizini na mbuzi. Huchelewa kukomaa, kama miaka miwili hivi, na kabla ya hapo anaweza kukimbiza vitoto vya mbuzi kwa mchezo. Mkemee papo hapo. Usitegemee utii wa haraka, kwani amezaliwa kuamua mwenyewe. Uzio uwe mrefu na imara. Na kama mbuzi utawauza karibuni, tafadhali tafuta mbwa wa aina nyingine. Huyu bila kazi anateseka.