Mtoto Karudi Likizo, Haongei: Barua Zenu za Desemba

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinafanana. Shule zimefunga, watoto wa sekondari wamerudi na matranka yao, na wazazi mnaniandikia kwamba huyu aliyerudi sio yule mliyempeleka. Nimechukua tano tu, majina nimeyatoa na nyingine nimezifupisha.

Dada habari za kazi. Binti yangu yuko bweni, Januari anaingia Form Four. Toka amefika wiki iliyopita anashinda amelala, anaamka saa sita mchana, chakula anabeba sahani anaenda kulia chumbani. Nikimuuliza shida nini anasema hamna kitu. Baba yake anasema ni uvivu na simu tu, ameshaongea na babu na wajomba kwamba tukifika Moshi kwa ajili ya Krismasi akalishwe kikao aseme ukweli. Mi moyo unasita. Nifanyeje? (Mama, Tabata)

Mama, usipuuze huo moyo unaosita. Hicho kikao naomba sana kisikae.

Tuanze na usingizi kwanza maana hapo tunagombana na watoto bure. Bweni kengele inalia saa kumi au kumi na moja alfajiri, mtoto anakimbilia maji, anafagia, anaingia darasani, usiku prepo, na taa zikizimwa bado kuna wanaosoma kwa tochi. Mtoto wa umri huo mwili wake unataka masaa nane mpaka kumi na yeye kakaa miezi analala matano, sita. Akifika nyumbani anadondoka. Kwahiyo wiki ya kwanza muache alale, na asiitwe mvivu, lile neno linakaa.

Ninachotaka ukiangalie ni wiki ya pili na ya tatu. Kama analala sana na akiamka bado amechoka, vitu alivyokuwa anavipenda havigusi tena, rafiki zake wakipiga hapokei, chakula kimemshinda hata kile anachokipenda, analia ovyo au anajisema vibaya vibaya kwamba hana faida, na hali hiyo imefika wiki mbili bila kulegea, hapo sio uchovu wa shule tena, mpeleke hospitali. Najua hapa kwetu ukitaja afya ya akili mtu anawaza Mirembe moja kwa moja, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, ndugu wanaanza kunong'ona, ila hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili na wanaokaa pale kwenye foleni ni watu kama mimi na wewe, wengine wamevaa sare za shule. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hebu chukua darasa la watoto 42 uhesabu mwenyewe.

Sasa kikao. Mi nimewahi kukalishwa. Nilikuwa Form Two, nimerudi na ripoti mbaya, wakubwa sita sebuleni, mimi nimekaa chini kwenye mkeka, na mpaka leo nakumbuka ule mkeka ulivyosukwa, zambarau, kijani, zambarau, kwa sababu ndio kitu pekee nilichokiangalia saa nzima. Nikasema nimekosa sitarudia, wakaridhika, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyejua kwamba kuna mwalimu alikuwa ananitukana mbele ya darasa kila siku mpaka nikawa naogopa hata kunyoosha kidole. Aliyekuja kujua ni mama mdogo, siku mbili baadae, tunachambua mchele kwenye ungo, wala hakuniuliza kitu, alisema tu "mwaka huu umekonda mwanangu", na mimi huku natoa mawe nikaanza kuongea, nikaongea mpaka mchele ukaisha akaenda kuchukua mwingine ambao hata haukuwa wa siku hiyo.

Mtoto wa sekondari ukimkalia mbele unamtazama usoni anajifunga. Ukikaa nae ubavuni mikono ina kazi, anafunguka. Huko Moshi kazi hazikosekani, mwambie bibi yake amuite wakamenye ndizi za mtori wawili tu, wapake mafuta mikononi utomvu usigande, na bibi asiulize maswali, aongee habari zake za zamani, halafu anyamaze. Kama siku ya kwanza hajasema kitu, sawa, ndizi za kumenya kesho zipo. Na baba yake mwambie mapema, mkiwa wawili, sio mbele ya mtoto, kwamba unamuomba akusaidie hili mpaka mwaka mpya. Simu msimnyang'anye, kubalianeni tu kwamba usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, na ya baba ikiwemo.

Kijana wangu kamaliza Form Four mwezi wa kumi na moja. Amekuwa mkali, usiku halali anatembeatembea. Na ndugu kila mmoja anaomba namba yake ya mtihani ili matokeo yakitoka waangalie. Nimpe nani nani? (Baba, Mwanza)

Usimpe mtu, kaka yangu. Hata mmoja. Ile namba ni ya mtoto, na ndio kitu kinachomkosesha usingizi, kwamba siku yakitoka shangazi wa Geita atakuwa ameshajua division yake kabla yeye mwenyewe hajapata bando, na kwenye grupu la ukoo wameshaandika. Wajibu ndugu hivi, "atawaambia mwenyewe akiwa tayari", basi, wakinuna wanune, wewe simama hapohapo.

Halafu hesabu mda anaosubiri. Matokeo ya mtihani wa 2024 yalitangazwa tarehe 23 Januari 2025, yani toka kumaliza mtihani ni kama miezi miwili mtoto anakaa hajui yeye ni nani. Usimuache peke yake humo ndani. Ongea nae sa hivi kabla hayajatoka, mtajie njia zote kwa majina, Form Five, chuo cha kati, chuo cha ufundi cha VETA, au kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na umwambie kwa mdomo wako, "hata ukipata ziro hapa ni kwenu na chakula chako kipo". Wazazi wengi tunadhani mtoto anajua. Hajui. Siku yenyewe ikifika usiende kazini mapema, kaa, simu ashike yeye afungue yeye, wewe uwe pembeni.

Dada mimi ni mwanafunzi, nina miaka 17. Mama yangu alifariki mwezi wa nne. Shuleni nilikuwa sawa kwa sababu kuna ratiba, ila toka tumefunga niko kwa mama mkubwa na kila mtu anaongelea sikukuu na nguo za sikukuu, mimi usiku nawaza bora na mimi nisingekuwepo. Sijamwambia mtu. Mama mkubwa ni mzuri kwangu sitaki kumpa mzigo. (Mwanafunzi, Morogoro)

Mdogo wangu, ujumbe wako hatukuusubirisha gazeti, tulikupigia siku ileile, na nakushukuru kukubali tuuchape maana najua kuna wenzio wanaousoma hapa na wao hawajamwambia mtu.

Pole sana kwa mama. Hauko dhaifu na haujachanganyikiwa. Shuleni kengele ilikuwa inakubeba, kutoka kipindi mpaka kipindi, sasa kengele imenyamaza na msiba umekukuta umekaa. Sikukuu ndio mbaya zaidi kwa sababu harufu ya pilau inakuja kutoka kila nyumba isipokuwa kutoka jikoni kwa mama yako. Na hayo mawazo ya usiku, ya bora usingekuwepo, ni dalili kwamba maumivu yamezidi uwezo wa mtu mmoja kuyabeba, na maumivu ya namna hii yanapungua yakibebwa na wengi, nimeona watu wengi wakitoka humo.

Kwahiyo kuna sentensi moja nataka uiseme leo kwa mama mkubwa, na kama mdomo unakataa iandike kwenye karatasi uiweke mkononi mwake: "Nawaza vibaya usiku, naomba usiniache peke yangu." Basi, maelezo mengine yatafuata. Unasema hutaki kumpa mzigo, ila mdogo wangu yeye alimpoteza ndugu yake mwezi wa nne, na yeye analia jikoni akidhani wewe umelala. Na mkiwa wawili mnaweza kwenda kaburini, au mkapika kile alichokuwa anakipika, mkataja jina lake mezani badala ya kila mtu kulizunguka. Usiku ukizidi piga 116, ni Simu ya Mtoto, bure, mda wowote, anapokea mtu.

Na nyie wakubwa mnaosoma hapa. Mtoto akisema au mkihisi anawaza kufa, muulizeni waziwazi, "unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango. Akisema ndio msimpigie kelele, msimwambie anamkosea Mungu, msimtangaze kwa ndugu. Kaeni nae, asiachwe peke yake, dawa za shambani na za panya na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe, na kesho yake asubuhi, au usiku huohuo kama hali ni mbaya, hospitali.

Dada, hapa Mombasa mwanangu wa Form Three nimemweka tuisheni likizo nzima, Jumatatu hadi Jumamosi, ili asibaki nyuma. Wiki hii ameanza kutapika kila asubuhi kabla ya kutoka. Dispensari wamesema hana malaria. Ni nini? (Mzazi, Likoni)

Mtoeni. Nadhani mwili wake unasema kile alichoshindwa kukwambia. Mrudishe hospitali wamwangalie vizuri, ndio, lakini tuisheni isimame leo. Tena kwenu Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kabisa twisheni ya likizo, kwahiyo huyo anayekuambia mtoto atabaki nyuma anakuuzia hofu. Akitaka kusoma mwenyewe kwa lisaa limoja asubuhi nyumbani, sawa, halafu aende ferry, aende ufukweni, acheze mpira. 116 inapatikana kwenu pia.

Mjukuu wangu yuko Form One bweni. Kila likizo ikikaribia kuisha tumbo linamuuma, siku ya kufungua ndio halali kabisa. Watu wananiambia namdekeza. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Humdekezi. Wewe ndio umeona ambacho wengine hawajakiona, kwamba tumbo linafuata kalenda.

Mtoto anayeumwa tumbo kila akikaribia kurudi shule, kuna kitu huko anakiogopa, na mtoto wa Form One mara nyingi ni wakubwa wa bwenini, wanamnyang'anya sabuni na sukari, wanamfulisha nguo zao, wanampiga, au kuna mtu mzima anayemgusa visivyo na amemtisha asiseme. Usimuulize "nani anakuonea", atasema hamna. Siku mnapanga tranka lake chukua kitu kimoja kimoja umuulize, hii ndoo ya mwaka jana iko wapi, hii shuka mbona sio yako, ulilala na nani jirani, ukiumwa usiku unamuamsha nani. Akinyamaza kwenye kitu fulani, hapo ndipo penyewe, mwambie unamuamini na sio kosa lake.

Akikwambia jambo, bibi, asipande basi kwanza mpaka mzazi wake au wewe mmefika shuleni na kuongea na mkuu wa shule na matroni ana kwa ana, sio kwa simu. Kama ni habari ya kuguswa, nendeni polisi kwenye dawati la jinsia na watoto kabla hata ya shule. Na kama hajasema chochote likizo ikaisha, msindikize mwenyewe mpaka bwenini, ukione kitanda chake, umsalimie matroni kwa jina, na umuachie mjukuu namba yako ya simu imeandikwa ndani ya kifuniko cha tranka.