Plagi badilisha zote, koili badilisha iliyokufa

Msimu wa korosho ukikaribia, gereji za Mtwara hujaa. Magari yaliyokuwa yakizunguka mjini taratibu, Shangani mpaka Mikindani, ghafla yanatakiwa yabebe watu na mizigo hadi Tandahimba na Newala, na hapo mengi huanza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka na injini inatetemeka. Ndugu na majirani huniuliza swali lile lile: fundi kasema ninunue plagi na koili zote nne, ni kweli? Naandika jibu ninalowapa, kwa sababu inaniuma kuona mtu anatoa laki nne kwa tatizo ambalo lingeisha kwa laki moja na chenji.

Plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, ndiyo, nunua seti nzima. Zilifungwa siku moja, zimefanya kazi sawa, na zinalika pamoja. Koili, zile zinazokaa juu ya plagi na kuzipa umeme mkali, hazina tabia hiyo. Inakufa moja, kwa joto, maji au oili, na wenzake wanaweza kuendelea kwa miaka.

Kwa bei, nachukua Toyota IST yangu yenye injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye Probox nyingi za huku. Safari ya mwisho plagi za kawaida niliuziwa 12,000 kila moja, jumla 48,000, na fundi akachukua 15,000. Koili mpya niliambiwa 95,000, ya mtumba 35,000. Kwa hiyo anayeambiwa "badilisha zote" anaombwa 380,000 za koili pekee. Kabla hujakubali, dai kipimo.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Kompyuta ya fundi ikisoma kodi (namba ya hitilafu) P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Haijasema koili imekufa. Fundi afungue koili ya pili, kwenye 1NZ ni bolti moja tu ya spana namba 10, aipeleke ya tatu, na ya tatu airudishe ya pili. Afute kodi, gari liwashwe, litembezwe kidogo. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0302, koili haina kosa: tazama plagi, nozeli ya mafuta, waya, au kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo. Asiye na kompyuta anaweza kuchomoa soketi ya koili moja moja injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda ambayo ukichomoa injini haibadiliki mlio, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Lakini achomoe soketi ya waya tu, asiinue koili yenyewe ikiwa bado ina umeme, maana moto ule utatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mkono wake.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye Noah ya abiria, alikuwa ameshaanza kuhesabu hela. Nikamwomba fundi, "Kabla mzee hajatoa hela, hebu hamisha hiyo ya pili uipeleke ya tatu." Fundi akasema, "Sawa kaka, tuhamishe," na kodi ikahama. Koili moja, basi. Ila ilipochomolewa tuliona jambo kubwa zaidi: mpira wake wa chini ulikuwa umevimba na kulainika, na kwenye shimo la plagi kulikuwa na oili imetuama. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa inavuja. Angefunga koili mpya juu ya oili ile, ingefuata njia ya mwenzake. Gasketi ilikuwa nafuu kuliko koili ya mtumba, na ndiyo iliyomwokoa yule mzee.

Muuaji wa pili wa koili ni plagi iliyochoka. Ukiona namba ya plagi ya Denso au NGK inaishia na 11, mwanya kati ya ncha zake ni milimita 1.1. Ncha zinavyolika, mwanya unapanuka, na koili inayopandisha volti 12 za betri hadi maelfu inalazimika kusukuma zaidi ili cheche iruke. Ndiyo maana gari linatulia kwenye tambarare, kisha ukipandisha Newala kutokea Masasi likiwa na mzigo linaanza kukukatikia: mgandamizo ndani ya silinda umeongezeka, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuliko koili inavyoweza kutoa.

Plagi za kawaida za nikeli mimi sizipitishi kilomita 30,000. Za iridiamu hufika 100,000 hivi, kwa hiyo bei yake ikiwa mara tatu bado unapata faida, mradi ni orijino. Feki ni nyingi. Ncha ya kati ya iridiamu ya kweli ni nyembamba mno, chini ya milimita 1. Ukiuziwa "iridiamu" yenye ncha nene kwa bei ya nikeli, iache hapo hapo. Bora nikeli halali kutoka duka unalolijua.

Koili ukiiagiza Dar, tuma picha ya namba iliyochapwa juu yake. Ya 1NZ ni 90919-02240, na zipo zinazofanana kwa umbo lakini si zenyewe. Mimi huweka koili moja ya mtumba iliyokwisha kupimwa ndani ya gari. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi hayakupita. Aliyekuwa anasubiri spea alisubiri kweli.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa, na mashimo yapulizwe upepo kabla plagi hazijatoka, kwani mchanga wa barabara zetu ukidondoka ndani ya silinda ni hasara nyingine. Plagi ianze kuingia kwa mkono. Meno ya skrubu ya shimo la plagi kwenye kichwa cha aluminiamu yakiliwa, gharama yake hutaisahau. Na wale wanaoosha injini kwa mashine ya maji, tafadhali, maji yanaingia kwenye mashimo hayo hayo.

Usiendelee kutembea na gari linalomisi eti mpaka mauzo ya korosho. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na masega yakiyeyuka utatamani bei ya koili.

Ukimaliza, omba plagi zako za zamani na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Zote nyeusi kwa masizi, tazama ea klina na mchanganyiko wa mafuta. Moja tu ikiwa imelowa oili kwenye ncha, pale inapoungulia, plagi mpya haitakusaidia kwa muda mrefu: mwambie fundi apime kompresheni kabla hujamlipa.