Opera Vienna bila suti wala pesa nyingi? Inawezekana
Inawezekana kabisa, ndugu. Staatsoper, jumba kuu la opera la Vienna, huuza tiketi za kusimama kwa bei ndogo siku ileile ya onyesho. Ukishapata sehemu, funga skafu kwenye reli iliyo mbele yako; wenyeji wanaijua alama hiyo, hakuna atakayekupora nafasi. Maneno ya waimbaji utayasoma kwenye skrini ndogo hapohapo. Suruali safi na shati vinatosha, kaptura hapana. Viatu ndivyo vya kufikiria, maana opera nyingi za Wagner, mtunzi Mjerumani, hupita saa nne! Baleti, yaani onyesho la dansi, kwa kawaida ni fupi zaidi, kwa hiyo miguu haitachoka sana. Wale jamaa wa barabarani waliovaa kama Mozart, mtunzi wa muziki wa zamani, huuza tiketi za matamasha ya kumbi nyingine, wapite tu. Usiende Julai wala Agosti, Staatsoper huwa mapumzikoni.