Ile nyeupe siyo gongo

SWALI: Dada za kazi, shemeji yangu anaishi Ujerumani, juzi kaja likizo kaniletea chupa mbili. Moja ni Cognac imeandikwa VSOP, rangi kama asali, nyingine ni Kirschwasser nyeupe pee kama maji. Washkaji wanasema hiyo nyeupe ni gongo tu imetiwa kwenye chupa nzuri. Kweli dada? Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kaka, na usiimwage tafadhali! Pombe kali yoyote ikitoka kwenye mtambo inatoka nyeupe, hata hiyo Cognac ilitoka hivyo hivyo. Ni waini ya zabibu za upande wa Charente huko Ufaransa, inachemshwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba, wanakusanya mvuke wake, halafu inalazwa kwenye pipa la mti wa mwaloni na humo ndo inapata rangi (wengine huongeza na karameli kidogo). VSOP maana yake hata ile changa kabisa iliyochanganywa humo imelala miaka 4, ukikuta imeandikwa XO basi ni miaka 10.

Sasa Kirschwasser ni ya cheri, na wenyewe kule Schwarzwald, Ujerumani, hawaitaki kwenye mwaloni makusudi kwa sababu mbao zitalifunika tunda, na sheria ya Ulaya hairuhusu kuiongezea spiriti ya pembeni wala ladha ya dukani. Fanya hivi kaka, dondoshea tone moja kiganjani, sugua viganja, subiri ikauke kidogo halafu nusa, utapata cheri na nyuma yake kaharufu ka lozi, hako kanatoka kwenye kokwa. Ukirudia na Cognac utapata vanila na zabibu kavu. Hawa ni ndugu wa mbali, kuwashindanisha kwa rangi ni kuwaonea. Cognac ipashe kwa kiganja kwenye glasi pana, Kirsch inywe ya baridi kiasi, glasi ndogo, taratibu.

Ndugu wengine wapo: Armagnac ni pombe kali ya zabibu pia, ya Gascony huko huko Ufaransa, ila nyingi huchemshwa mara moja tu kwahiyo inakuwa nzito zaidi mdomoni. Waserbia wana yao ya plamu, šljivovica. Mi binafsi moyo wangu uko kwa Calvados ya Normandy, Ufaransa, tufaha lililolala kwenye pipa miaka 2 au zaidi, unapata tunda na mbao kwa pamoja, shemeji akija tena mwagize hiyo.