Muulize Shangazi: Kijana wangu hataki tena kuvua shati

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Tanga, nina watoto watatu, huyu mkubwa ni wa kiume na mwezi ujao anatimiza miaka 14. Alikuwa mtoto wa mpira kabisa, jioni ukimtaka nenda uwanjani utamkuta, sasa hivi hataki kusikia habari za mpira, joto lote hili anavaa tisheti juu ya tisheti na akiingia bafuni anakomea mlango. Nikimuuliza ananijibu kwa ukali "mama niache bwana". Juzi anaanua nguo kwenye kamba upepo ukambana nikaona kifua kimevimba upande mmoja, mdogo wake ndo akaniambia wenzake wanamwita dada. Bibi yake anasema ni hao kuku wa kisasa na chipsi, tumkande na maji ya moto, baba yake anasema itaisha tu. Shangazi, mwanangu ana tatizo gani? Halafu usiku halali, asubuhi kumwamsha aende shule ni vita.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tulia kwanza, kijana wako anabalehe, na hicho ulichokiona kifuani kinawapata wavulana wengi sana, inakadiriwa karibu nusu yao au hata zaidi, ila kwa vile kila mmoja anakificha basi kila mmoja anajiona yuko peke yake.

Iko hivi, mwanaume naye ana homoni ya kike kidogo mwilini, estrojeni, na mwanzoni mwa balehe ile ya kiume, testosteroni, inakuwa bado haijashika nafasi yake vizuri, kwahiyo kuna kipindi hizo mbili hazijakaa sawa na nyama ya nyuma ya chuchu inavimba. Akigusa anakuta kitu kigumu kama goroli, na kinauma, yaani mpira ukimpiga kifuani hapo machozi yanamtoka. Inaweza kuwa upande mmoja au pande zote moja ikazidi nyingine. Kwa wengi inapungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa, wengine inafika mpaka miaka miwili, na haina maana kwamba hatakuwa mwanaume kamili. Kuku wa kisasa hahusiki, balehe yenyewe inatosha kuleta hali hiyo. Mwambie bibi kwa heshima zote maji ya moto hapana, na yeye kijana asijikamue, wataongeza maumivu bure.

Hospitali mpeleke kama uvimbe unakua haraka, au chuchu inatoa majimaji au damu, au ana uvimbe kwenye korodani, au kuna dawa anameza, hasa hizi za kujenga misuli wanazouziana vijana. Na hata kama hana lolote kati ya hayo, ikiwa roho haikutulii mpeleke tu, maana kijana akiambiwa na daktari kwamba ni kawaida analipokea tofauti na akiambiwa na mama.

Sasa nije kwenye kinachoniuma mimi. Wasichana tumewawekea mtu wao, akivunja ungo kuna somo, kuna kungwi, hata asipochezwa unyago atapatikana mama mdogo au shangazi wa kumuweka chini. Mvulana je? Zamani aliingia jandoni na rika lake akafundishwa mwili wake na wazee, leo anatahiriwa hospitali akiwa mchanga, tohara imebaki mafunzo yameondoka, na hakuna aliyekaa akafikiria nani atamwambia huyu mtoto kwamba sauti itakwaruza, kwamba ataota ndoto nyevu na sio ugonjwa, kwamba kwa mwaka mmoja anaweza kurefuka sentimita 9 na suruali zote zikawa fupi. Anaambiwa na vijana wa kijiweni, au anajitafutia kwenye simu, na unajua mwenyewe kwenye simu kuna nini.

Kwahiyo baba yake asiseme itaisha tu akarudi kwenye taarifa ya habari. Hii kazi ni yake. Amchukue watoke wawili, waende hata dukani kwa miguu, maana vijana wanaongea vizuri wakiwa wanatembea kuliko wakikalishwa sebuleni mkitazamana, amwambie wazi "najua kifua kinakusumbua, kinawapata wengi, kitapungua". Asisubiri kijana aanze, hataanza. Na kama nyie ni Waislamu amfundishe josho la janaba hapo hapo, yaani kuoga kujitoharisha baada ya ndoto nyevu ndipo aswali, watoto wengi wanahangaika na swala zao kimya kimya kwa kuona aibu kuuliza. Wewe mama mnunulie fulana ya ndani inayobana kidogo avae chini ya jezi, na umkataze mdogo wake kulirudia lile jina la dada hata kwa utani, la shuleni mkamuone mwalimu wa darasa.

Kuhusu usingizi, sio uvivu wote ule. Kwa vijana wanaobalehe homoni ya kuleta usingizi inachelewa kupanda usiku, na umri wake anahitaji saa 8 mpaka 10, sasa hesabu mwenyewe kama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Simu ilale sebuleni, kuanzia saa tatu usiku, na ya kwako iwe hapo hapo pia.

SWALI: Shikamoo Shangazi, nina miaka 15, niko kidato cha pili Morogoro. Nilivunja ungo mwaka jana. Mwezi mmoja naona siku zangu, mwingine sioni, mama ananiangalia vibaya anadhani nina mimba wakati sijawahi kuwa na mwanaume. Naumwa?

JIBU: Marahaba binti yangu. Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi kuruka ruka ni kawaida kabisa, mayai yanakuwa bado hayapevuki kila mwezi, mzunguko wa msichana wa umri wako unaweza kuwa siku 21 mpaka 45. Andika tarehe kwenye daftari kila ukianza na ukimaliza, halafu mwonyeshe mama. Ikipita miezi mitatu bila kuona, au ukatoka damu zaidi ya siku saba, au pedi inajaa kila baada ya saa moja au mbili, mwombe mkaonane na daktari na hilo daftari nenda nalo, ni kitu cha kwanza atakachouliza.