Mpe mtoto hela ya wiki, halafu mwache iishe

Kila asubuhi ya shule, hapa Dar es Salaam kuanzia Mbagala hadi Bunju, wazazi tunapekua mifuko kutafuta mia tano huku mtoto amesimama mlangoni na begi mgongoni. Inatolewa haraka na kupokelewa haraka, na mapumziko ya saa nne yakipita imeshakuwa andazi, barafu na kimfuko cha ubuyu. Kesho hivyo hivyo. Kwa utaratibu huo mtoto anaweza kumaliza darasa la saba bila kuwahi kushika hela ambayo ataihitaji kesho yake. Anajua kununua, lakini kupanga hajui, kwa sababu hajawahi kuwa na cha kupanga.

Nyumbani kwetu hela ya kula shuleni hutoka mara moja kwa wiki, Jumapili jioni. Binti yangu wa darasa la sita hupata 2,500, mdogo wake wa darasa la tatu 1,500. Ni kiasi kilekile ambacho ningewapa kwa mafungu ya kila siku, nimekijumlisha tu, kwa hiyo bajeti ya nyumba haiongezeki. Na ikiisha kabla ya Ijumaa, imeisha.

Hapo pa "imeisha" ndipo kazi ilipo. Mtoto mdogo akishika 1,500 kwa mara ya kwanza atajiona tajiri, na Jumanne atakuwa hana kitu. Jumatano atakuja na macho ya huruma. Usimwongezee, na pia usimgombeze, maana hajakosea adabu, amekosea hesabu. Ila ahakikishiwe chakula: anywe chai nzito asubuhi, abebe chapati au viazi kwenye kontena. Anachokosa kiwe ubuyu na barafu, kisiwe mlo. Mtoto mwenye njaa hajifunzi hesabu ya hela wala hesabu ya mwalimu. Baada ya muda utamsikia mwenyewe anasema "leo sinunui, nangojea Alhamisi", na hapo hujamhubiria hata mara moja.

Najua si kila mzazi ana hela ya wiki nzima siku ya Jumapili. Mama anayeuza vitumbua au baba wa bodaboda hupata ya siku kwa siku. Kwake ningeshauri aanze na siku mbili: Jumatatu ampe ya Jumatatu na Jumanne. Mtoto akiweza kulala na hela ya kesho bila kuigusa, ameshapata sehemu kubwa ya somo.

Mpango huu huvunjwa na wenye huruma. Bibi yao, mama mkwe wangu, alikuwa akiwapenyezea buku kila akiwaona wamenuna. Nilimwendea kwa heshima: "Mama, ukitaka kuwapa wajukuu zako wape, ila iwe Jumapili pamoja na yangu." Alikubali, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuuliza nani amebakiza.

Nauli ni jambo jingine kabisa, isichanganywe. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni 200, yaani 400 kwenda na kurudi, 2,000 kwa wiki kama anapanda gari moja. Hela hiyo naitoa kila siku na inakaa kwenye mfuko wake mdogo wenye zipu ndani ya begi. Kuishiwa hela ya andazi ni somo, lakini kuishiwa nauli ni hatari. Mtoto aliyekwama kituoni saa kumi na moja jioni ni mtoto wa kubebwa na yeyote atakayemwambia "panda nikusogeze". Mtaani kwetu tunawajua mabinti walioanza kwa lifti ya bodaboda na sahani ya chipsi, na shule wakaiacha. Kwa hiyo sheria moja kwangu haina mjadala: hela, chakula au lifti kutoka kwa mtu asiye wa nyumbani, hata akiitwa anko, naambiwa siku hiyohiyo, na anayeniambia hagombezwi. Ukimkaripia mara moja, mara ya pili hutasikia.

Kwa wadogo zaidi, wa chekechea na darasa la kwanza, tumia sarafu. Noti kwao ni karatasi yenye picha ya simba au tembo. Sarafu inashikika: mwekee mezani ya 50, ya 100, ya 200 na ya 500, umwambie atengeneze mia tano kwa njia nyingine. Kisha mtume dukani kwa Mangi, kwanza kitu kimoja, baadaye viwili, na chenji aihesabu palepale kabla hajaondoka. Akiambiwa "chenji hakuna, chukua pipi", afundishwe kusema kwa adabu: "Shikamoo, mama amesema nirudi na chenji." Mia ni mia. Mtoto anayeona aibu kudai mia yake atakua na aibu hiyo hadi kwenye mshahara.

Dukani huko pia hujifunza kitu ambacho watu wazima wengi tunakilipia bila kukitazama. Mpe kazi ya kulinganisha mafuta ya kupima na ya lita, au sukari ya robo na ya kilo. Binti yangu aliona mwenyewe kwamba anayenunua kidogokidogo mara nyingi hulipa zaidi kwa kitu kilekile, akaniuliza kwa nini basi watu wananunua ya kupima. Tulizungumza muda mrefu kuhusu kipato cha siku. Ni mazungumzo ambayo singeweza kuyapanga.

Halafu kuna dubwi. Mashine zile zinazokula sarafu za mia mbili zimekaa vibarazani na pembeni ya maduka, njia ileile wanayopita wanafunzi. Sheria ya michezo ya kubahatisha hairuhusu aliye chini ya miaka 18, lakini jioni pita uone nani wamezizunguka. Mia mbili hiyo ndiyo nauli yake ya kurudi. Usimwambie tu kwamba ni dhambi au ni uhuni, mweleze inavyofanya kazi: mashine imetengenezwa ili mwenye mashine apate faida, na anayeshangilia ushindi leo amelipwa kwa sarafu za wenzake walioliwa. Mtoto mwenye hela ya kupanga ana cha kupoteza, kwa hiyo huelewa haraka. Na mkiwa wazazi wengi, nendeni kwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Jambo hili si la nyumba moja.

Kwa akiba, kibubu bado ni mwalimu mzuri. Cha mbao kutoka kwa fundi seremala kinatosha, bora mtoto aseme kabla ya kuanza ni cha nini: viatu vya Idi, mpira, kiingilio cha Sabasaba. Akiba isiyo na jina huishia njiani. Kikijaa na hela ikawa ya maana, NMB na CRDB wana akaunti za watoto, nenda naye akaone hela yake inapokelewa dirishani.

Lakini kibubu cha mtoto kiheshimiwe. Wazazi wengi hukivunja usiku LUKU ikikata, wakiahidi kurudisha. Na sikukuu ya Idi ikifika, mtoto anazunguka kwa mashangazi na wajomba, anarudi na mkono wa Idi, anaambiwa "lete nikuhifadhie", na huo ndio mwisho wa hela. Anayepata somo hapo ni mtoto: amejifunza kwamba hela ikionekana huchukuliwa, kwa hiyo dawa ni kuila mapema au kuificha. Ukimhifadhia, andikeni kwenye daftari yeye akiona, na akidai umpe. Ukilazimika kukopa, omba kama unavyomwomba mtu mzima, na tarehe ya kulipa uitimize.

Januari ni mwezi wa kuwaingiza katika hesabu kubwa. Huwa naenda na binti yangu Kariakoo, yeye ameshika orodha na hela ya daftari, soksi na begi, na kinachobaki ni chake. Anatembea Mtaa wa Kongo, anauliza bei duka hadi duka, anaomba apunguziwe. Mwaka mmoja alichagua begi la bei ya chini ili abakize kingi, na zipu ikafa kabla ya likizo ya Juni. Sikununua jingine. Alilipeleka kwa fundi na kulipia mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuwa anazifungua na kuzifunga zipu dukani hadi muuzaji akachoka.

Nimwombe pia mzazi mwenzangu aangalie tunavyozungumza. "Hatuna hela" ikisemwa asubuhi na soda ikinunuliwa jioni, mtoto anaona uongo. Mwambie ilivyo: "Hela ipo, ila ni ya kodi." Hapa Dar wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mtoto wa darasa la tano anaweza kabisa kuigawa kwa miezi akajua kwa nini mama anabana. Ukilipa kwa simu, muonyeshe ujumbe: kilichotoka, makato, salio. Asipoonyeshwa, atadhani simu ina hela kama bomba lina maji.

Kazi za nyumbani silipii. Kuosha vyombo na kufagia uwanja ni zamu ya kila anayeishi humo. Likizo wakitaka kutengeneza barafu za ukwaju wakauza mlangoni, sawa, ukwaju na sukari watoe wao kwenye mauzo, faida wagawane. Kuzunguka mitaani na sinia au ndoo, hapana.

Mkubwa wangu yuko kidato cha pili, yeye hupata kwa mwezi, na bando la intaneti liko humohumo. Anapoanza mtoto wa kike sekondari, usiweke pedi, sabuni wala dawa ya meno kwenye hela hiyo ukidhani unamfundisha kujitegemea. Binti akikosa pedi hukosa vipindi, au huzipokea kutoka kwa mtu mwingine. Kwangu pedi zinakaa kabatini, na kuhakikisha hazikosekani ni kazi yangu na baba yao.