Arundel na tufe la dunia: mchoraji ni nani?

Picha ya Arundel akiwa na tufe la dunia ni ya Van Dyck, si Rubens. Na kisiwa ambacho Arundel anakinyooshea kidole kwenye tufe hilo ni Madagaska, si Unguja. Huyo ni Thomas Howard, Earl wa Arundel, kabaila wa Kiingereza aliyekuwa na uchu wa michoro na sanamu za marumaru. Picha ni ya 1639 hivi, wakati alipokuwa na mpango wa kupeleka walowezi Madagaska, ndiyo sababu ya lile tufe. Mkewe Aletheia kakaa ubavuni na bikari mkononi, utadhani jahazi linang'oa nanga kesho. Hawakwenda ng'o, mzee alifia Padua, Italia, 1646.

Kuchanganya kunaeleweka, maana Rubens naye alimchora, kavaa deraya, na picha hiyo iko Boston kwenye jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner. Ukimkuta ameketi na fimbo akionyesha ukumbi wa sanamu zake, hiyo ni ya mchoraji mwingine, Mytens, ya 1618 hivi.

Ila angalia, hiyo ya Madagaska ipo zaidi ya moja. Mojawapo iko Vienna, Kunsthistorisches Museum.